Rangi ya Nyuma ya Sikio

Mimi ni fundi rangi. Si wa kucha wala wa nywele, ni wa nyumba. Nimepaka madarasa, maduka, vyumba vya maharusi, na choo cha tajiri mmoja kilichokuwa kikubwa kuliko chumba ninacholala. Kazini wananiita Brashi, na sijawahi kujua kama ni kwa sababu ya kazi au kwa jinsi nywele zangu zinavyosimama. Nasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza fundi wa ukuta alikuwa anatafuta nini kwenye maduka ya vipodozi siku mbili mfululizo, tena kwa ugomvi. Nilikuwa namtafutia dada yangu fondesheni.

Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka sita. Kwa miaka tisa alikaa mapokezi kwenye hospitali ya macho, na wagonjwa walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, maana wengi walifika wakipapasa milango. Alikuwa anatoka nyuma ya meza yake, anamshika mtu kiwiko taratibu, anamwambia, "Hapa kuna ngazi moja, baba, halafu umefika." Mtu akifika nyumbani anasimulia habari za yule dada wa mapokezi kabla hajasimulia habari za daktari. Ile ilikuwa kazi yake kwelikweli, hata likizo alikuwa anaikatisha.

Halafu alipojifungua mtoto wa pili, mabaka yakamtoka mashavuni na kwenye paji la uso. Mwanzoni yalikuwa mepesi, ukimtazama kwa mbali huyaoni. Baadaye yakawa meusi ya kukolea, na pembeni mwa mdomo ngozi ikabaki ya rangi nyingine kabisa. Siku moja wakubwa wake wakamwita, wakamwambia kwa upole mwingi kwamba chumba cha mafaili kinahitaji mtu makini kama yeye. Chumba chenyewe hakina dirisha. Ameingia humo na sasa mwaka wa nne unakwisha.

Jumanne jioni akanipigia simu. Nilijua kuna jambo kwa jinsi alivyoanza kuniuliza habari za afya yangu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Msichana wa mapokezi anaacha kazi," akasema. "Wametangaza nafasi ndani kwa ndani. Nimeomba. Usaili ni Ijumaa saa tatu asubuhi."

"Usaili wa nini? Kazi umeifanya miaka tisa."

"Ndiyo utaratibu. Mkuu wa utawala amesema tuje nadhifu, mapokezi ni uso wa hospitali."

"Hospitali ya macho," nikasema. "Wagonjwa wenyewe hawaoni."

"Wakiingia hawaoni. Wakitoka wanaona, na mimi ndiye wanayemwona mlangoni."

Nikamwambia aende hivyohivyo alivyo, awatazame usoni, anayetaka kutazama kazi atazame kazi, anayetaka kutazama sura akatazame televisheni. Nilikuwa nimepandwa na mori. Dada akaningoja nimalize.

"Wewe unaongea kwa uso wako. Mimi nataka niingie mle ndani nikifikiria maswali yao, nisiwe nafikiria shavu. Basi. Utanisindikiza au hutanisindikiza?"

Nikamsindikiza.

Duka la kwanza lilikuwa na taa nyingi kiasi kwamba mtu unajiona mrembo hata kama umetoka kubeba saruji. Muuzaji alikuwa binti mwenye kope ndefu za kubandika, anapepesa kama ana usingizi. Chupa zimepangwa kwa namba, kuanzia nyeupe ya maziwa, kwenda ya biskuti, kwenda ya chai, mpaka ya mwisho kabisa ambayo wao waliiona nyeusi. Akachukua hiyo ya mwisho, akampaka Dada kidogo nyuma ya kiganja, akasema imekubali.

"Huyu anakwenda kwenye usaili kwa uso au kwa mkono?" nikauliza.

Dada akanifinya. Binti akapaka shavuni. Chini ya zile taa haikuwa mbaya sana, nikakaribia kunyamaza. Lakini mimi rangi siiamini mpaka niione kwenye jua, nikamvuta Dada mpaka mlangoni. Nje, uso wake ulikuwa umegeuka kijivu, kama mtu aliyetoka kupuliza moto akarushiwa majivu. Na mabaka yenyewe yalikuwa palepale, yanachungulia.

"Hii ni majivu," nikamwambia yule binti. "Huna iliyokolea zaidi?"

"Hiyo ndiyo ya mwisho," akasema. "Baada ya hapo labda mjaribu kwa mtu wa kupiga viatu rangi."

Sitasimulia yote niliyosema. Nilitaja kope zake, nilitaja namba zake, nilisema duka zima limejaa rangi za watu wasiopita hata kwenye mtaa huu. Dada alinitoa nje kwa kunishika mkanda wa suruali. Tulipofika kwenye kona akatoa kitambaa akaanza kujifuta, polepole, kipande kwa kipande, na watu wanapita.

"Nikienda na wewe mahali natoka na maadui," akasema. "Mimi sikuja kugombana. Nimekuja kutafuta rangi."

"Alikutukana."

"Alinitukana mimi, na mimi nimenyamaza. Wewe hasira yako ni ya nini?"

Nikamwambia twende duka lingine.

Duka la pili walikuwa na fondesheni nyeusi kweli, na muuzaji wake alikuwa na adabu, kwa hiyo sikupata cha kusema. Akampaka mara ya kwanza, mabaka yakaonekana. Akaongeza, yakaonekana. Akaongeza tena, na sasa Dada akawa hawezi kucheka bila ngozi kutengeneza mistari, na bado pale mashavuni palikuwa na kivuli cha kijivu kilichokataa kuondoka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki namtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile nikafikiri kama fundi. Sisi mafundi hatusemi rangi imepakwa mara mbili, tunasema imepigwa mikono miwili. Na ukuta wenye doa la unyevu hata uupige mikono kumi ya rangi ileile, doa litapenya tu. Lazima ulizime kwanza kwa kitu kingine, ndipo upige rangi yako. Lakini kwenye uso wa mtu hicho kitu kingine ni kipi, sikujua. Jumatano ikaishia hapo.

Alhamisi tukaenda kwa mwanamke mmoja anayeitwa Mama Poda. Duka lake liko chini ya ngazi za jengo kuukuu, kati ya fundi saa na mashine ya kutoa nakala, na ni jembamba, wateja wawili wakiingia wa tatu anangoja nje. Ana umri ambao mama yetu angekuwa nao kama angekuwa hai. Miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, na chupa zake hazina mpangilio wowote ninaoujua.

"Shikamoo mama," Dada akasema. "Natafuta fondesheni, lakini ngozi yangu ina matatizo kidogo."

Yule mama hakuitikia upesi. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu chumba cha pili.

"Sema tena," akasema.

"Nasema natafuta fondesheni."

"Hapa kuna ngazi moja, halafu umefika," Mama Poda akasema. "Ni wewe. Miaka minne iliyopita nilikuja pale nikiwa sioni hata vidole vyangu. Nilipotolewa bandeji nikakutafuta nikushukuru, wakaniambia uko ndani, una kazi. Marahaba, mwanangu. Karibu."

Dada akashika ukingo wa kaunta. Mimi nikajifanya nasoma maandishi kwenye kopo la mafuta ya nywele. Nilisoma kopo zima.

Mama Poda akatutoa mpaka mlangoni, penye mwanga wa mchana, akavaa miwani, akamshika Dada kidevu. "Usiogope, haya macho yana miaka minne tu, bado mapya." Akamgeuza huku na huku. "Sasa. Shavu linasema lake, paji linasema lake, hapa mdomoni pana lingine. Nikufuate wapi? Rangi yako hasa ni ipi?"

Dada akasema, "Sikumbuki tena, mama." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu tarehe ya kuzaliwa.

Hapo nikaingilia, maana hili nalijua. Mtu akiniita nimpakie kipande cha ukuta wa zamani kifanane na kingine, siangalii katikati ya ukuta. Katikati pameungua jua, pameshikwashikwa, pamefutwa kwa sabuni. Nasogeza kabati. Nyuma ya kabati ndiko rangi ilikobaki ilivyokuwa siku ya kwanza.

"Nyuma ya sikio," nikasema.

Nikamfunua Dada nywele, nikalikunja sikio lake mbele kidogo. Na ilikuwepo. Weusi ulio safi, wenye wekundu kwa chini, laini, bila doa hata moja. Ilikuwa rangi ya mama yetu. Ilikuwa rangi ya Dada alipokuwa ananibeba mgongoni, na mimi shavu langu nimelilaza papo hapo.

Nitasema ukweli sasa, maana nimeuzunguka muda mrefu. Yale mabaka mepesi ya uzazi yangeweza kuisha yenyewe, au kubaki mepesi. Aliyeyakoleza ni mimi. Nilimkorogea mkorogo wa kung'arisha ngozi. Krimu tatu, na chupa moja isiyo na karatasi niliyopewa na mtu, nikavikoroga kwenye kikopo ninachojaribia rangi kazini, nikimjigambia kwamba mtu anayekoroga rangi kila siku atashindwaje na uso mmoja. Miezi miwili ya kwanza aling'aa, na mimi nikawa namwonyesha kwa watu kama nyumba niliyomaliza. Halafu ngozi ikaanza kumwasha juani. Mabaka yakarudi meusi kuliko mwanzo, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi na sehemu nyingine ya mikono ikapauka, hata akawa anaficha mikono chini ya meza. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningejitetea, tungegombana, yangeisha. Yeye alinyamaza, na mimi nikajifunza kugombana na wauza duka.

"Umeona?" Mama Poda akaniuliza.

"Nimeona," nikasema, na nikaliachia sikio.

Akaanza kazi. Kwanza akachukua kitu cha rangi ya machungwa iliyoiva, akaniambia hiki kinakaa kwenye mabaka tu.

"Machungwa?" nikasema. "Mama, anakwenda kwenye usaili."

"Doa jeusi lina ukijivu ndani yake. Ukilifunika moja kwa moja ule ukijivu unapanda juu. Hii inauua kwanza. Wewe si fundi? Ukutani hamfanyi hivyo?"

"Tunafanya," nikasema, na nikaona aibu kwamba jibu nililolitafuta jana nzima lilikuwa kwenye kazi yangu mwenyewe.

Akachanganya fondesheni mbili kwenye kisahani, ile iliyokolea na nyingine yenye wekundu, akiongeza kwa ncha ya kijiti, na kila akiongeza ananitazama mimi. Nikawa nachungulia nyuma ya sikio, namwambia bado, bado, wekundu kidogo, hapo. Akampaka nyembamba. Akaiacha ikauke, maana rangi mbichi hudanganya. Dada akajishughulisha na kutazama saa za yule fundi jirani.

Ilipokauka Mama Poda akampa kioo kidogo. Dada akajitazama muda mrefu pale mlangoni, kwenye jua. Mabaka hayakuwa yamefutika kama kwenye picha za matangazo, ukimsogelea sana ungeyaona. Lakini uso ulikuwa mmoja.

"Huyu namfahamu," akasema.

Tukajaziwa ule mchanganyiko kwenye kichupa, na ile ya machungwa kwenye kikopo. Nikamwahidi Dada kwamba Ijumaa alfajiri niko kwake, nitampaka mwenyewe, yeye akae tu kama ukuta.

Ijumaa alfajiri bomba likapasuka kwenye jengo ninalolipaka, ghorofa ya pili, na funguo zote ninazo mimi. Nilikuta maji yanashuka kwenye dari niliyoimaliza Jumanne. Mpaka tunayafunga ilikuwa saa moja na nusu, na kutoka pale mpaka kwa Dada ni mbali. Nikasimama katikati ya lile dimbwi, nguo zimeloa mpaka magotini, nikamwandikia ujumbe:

"Dada nimekwama kazini, nisamehe. Ya machungwa paka kwenye mabaka tu. Ikikauka paka fondesheni usoni, mikono miwili, nyembamba. Usisugue. Utaweza."

Akajibu: "Sawa. Hata mimi mikono ilikuwa inanitia wasiwasi."

Nikadhani mikono inamtetemeka kwa woga. Nikamwandikia avute pumzi, nikarudi kwenye maji yangu.

Saa saba mchana nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha mbele, nakwangua dari iliyovimba, nikasikia viatu vyake kwenye ngazi. Aliingia akiwa na gauni lake la bluu la kazini na mkoba. Nikamtazama uso kabla sijamtazama macho. Mwanga wa dirisha ulikuwa mkali, na niliona mara moja kwamba rangi haikukamilika. Mabaka yalikuwa yanaonekana kwa chini.

"Vipi?" nikauliza.

Akageuza ndoo tupu ya rangi, akaipangusa, akakaa. "Kwanza niambie jambo moja. Kwa nini uliniambia nipake mikono?"

"Mikono gani?"

"Mikono. Hii." Akainyoosha mbele yangu. "Si ulisema usoni na mikono miwili. Nikasema kweli huyu mtoto amefikiria mbali, amekumbuka vifundo vyangu. Maana mapokezi unampa mtu karatasi, anaona mkono kwanza. Nikapaka uso, nikapaka na mikono, mpaka hapa kwenye viwiko. Ilipendeza, sikatai. Nikaingia."

Nilikuwa nimeanza kuelewa, nikatafuta mahali pa kukaa.

"Walikuwa watatu," akaendelea. "Mkuu wa utawala, daktari mmoja kijana, na matroni. Nikawapa mkono wote. Matroni amevaa nyeupe, na wewe unazijua nguo zake zinavyopigwa pasi. Halafu wakanipa fomu nisaini. Naishika, nasaini, naiachia, kuna vidole vyangu vinne pale juu, vya kahawia, utafikiri nimekamatwa na polisi. Mkuu anatazama fomu. Anatazama kiganja chake. Matroni anatazama kiwiko chake, maana nilimshika kiwiko, mazoea. Akaniuliza, 'Mama, umeshika nini huko ulikotoka?'"

"Ukasemaje?"

"Ningesemaje? Nikasema ukweli. Nikasema mdogo wangu ni fundi rangi wa majumba, na leo ameamua mimi ndiyo nyumba. Nikasema nimepaka uso ili msinione mabaka, nikapaka na mikono ili msinione vidole, na sasa nimewapaka na ninyi. Yule daktari akaanza kucheka. Matroni akajizuia, akashindwa. Mkuu wa utawala alivua miwani akaiweka mezani, akafuta macho kwa ile mikono yenye fondesheni, na hakuna aliyethubutu kumwambia."

Alikuwa anasimulia kwa ile sauti yake ya zamani ya mapokezi.

"Matroni akanionyesha sinki. Nikanawa, maji yakawa kama ya mto. Nikarudi nikakaa, mikono nikaiweka mezani, na unajua, nilisahau kuificha. Nilikumbuka nikiwa nimeshafika nje. Wakaniuliza maswali. Wakaniuliza mgonjwa akija na hasira nitafanyaje, nikawaambia nina mdogo wangu, nimeanza kuwahudumia watu wenye hasira tangu nina miaka sita." Akaupakata mkoba. "Naanza Jumatatu. Miezi mitatu ya majaribio. Matroni amesema mtu aliyewachekesha wao watatu kwenye usaili ataiweza ile foleni."

Ilibidi nifurahi, na nilifurahi, lakini kitu kingine kilikuwa kimenitangulia. Nikamweleza. Nikamwambia kwa mafundi mkono si mkono. Mkono ni rangi iliyopigwa mara moja. Mikono miwili ni kupaka, kungoja, kupaka tena. Nilimaanisha uso upakwe mara mbili. Aliingia kwenye usaili ana mkono mmoja.

Akanitazama, akajitazama mikono, akaanza kucheka mpaka ile ndoo ikasogea. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika kikwangulio, na nikaona maneno yanatoka bila kuyapanga.

"Hii ni mara ya pili nakuharibu uso," nikasema. "Ule mkorogo niliukoroga mimi. Sikujua nilichotia. Nilijifanya najua. Ulikuwa na rangi nzuri kuliko yangu, Dada, nimeiona jana nyuma ya sikio, na mimi ndiye niliyeiharibu, na sijawahi kukuomba msamaha. Nisamehe."

Dada akaacha kucheka. Maji yalikuwa bado yanadondoka mahali fulani ndani ya dari.

"Kumbe ndiyo hasira yote ile," akasema. "Na yule binti wa watu mwenye kope."

"Ndiyo."

"Hebu nikuulize. Kile kikopo, nani alikuja nacho nyumbani kwako?"

Nikakiweka kikwangulio chini.

"Nilikuja nacho mimi. Kilikuwa chako, ulikisahau kwangu. Na krimu mbili nilizinunua mimi, wewe ulinunua moja. Nilikubembeleza wiki nzima. Ulisema hapana mara ngapi? Nikakwambia wewe fundi gani unayeogopa kukoroga. Hayo huyakumbuki, unakumbuka kujigamba tu." Akanyanyuka kidogo, akaisogeza ndoo karibu nami, akakaa tena. "Mimi nilinyamaza kwa sababu niliona aibu yangu. Sikujua kama na wewe umekaa na yako. Wewe ulikoroga kwa mkono wako, mdogo wangu, mimi nikapaka kwa mkono wangu. Hiyo nayo ilikuwa mikono miwili."

Nikalia. Sina haja ya kuficha, nililia kama mtoto, na mavumbi ya dari usoni. Alinishika kiwiko vilevile anavyowashika wale wasioona, akaningoja.

Nilipotulia akafungua mkoba, akatoa kile kichupa cha Mama Poda na kioo chake kidogo, akavipanga kwenye kizingiti cha dirisha. Akageuza ndoo mpaka mwanga ukampiga usoni wote.

"Jumatatu nitapaka mwenyewe, kwa hiyo nionyeshe nione," akasema. "Haya, fundi. Mkono wa pili bado."

Nikaenda kwenye bomba la uani, nikanawa mara tatu kwa sabuni, nikarudi.